Ufagio Wangu Chini ya Mparachichi

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa ukiwa umegeuza uso ukutani, kisha unakunja kitambaa haraka na kukitia mfukoni kabla mtu hajakiona. Nakujua. Mimi changu nilikificha karibu miezi miwili, nikakifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande nyuma ya choo, mimi ambaye tangu nioe sikuwahi kufua hata soksi. Leo nimepona. Sitakufundisha udaktari, maana hata majina ya vidonge nilivyomeza nayachanganya. Nitakueleza jinsi nilivyokaribia kumpoteza binti yangu, na jinsi nilivyokuwa naua maua ya marehemu mke wangu kila asubuhi kwa mkono huu huu, nikidhani namheshimu.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Hadi leo watu wazima wenye vitambi hutupa sigara wakiniona barabarani, na wote huniita Préfet. Sijisifu, lakini siwezi kusema hainifurahishi. Kwangu kila kitu kilikuwa na mstari wake. Viatu mlangoni, vitabu rafuni, na lupango, yaani kiwanja chetu chenye nyumba na ukuta wake, ulifagiwa kila siku jua likichomoza, mpaka udongo mwekundu ukabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Huku kwetu lupango usiofagiwa ni aibu. Mpita njia akichungulia getini akaona majani chini, atasema mwenye nyumba anaumwa au mke amemkimbia.

Mke wangu Ngalula alifagia kama wanawake wote wa mtaa, isipokuwa kona moja. Nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, alikuwa na bustani yake ya kivulini. Palikuwa na clivia, zile zenye majani marefu kama mikanda na maua ya rangi ya chungwa, palikuwa na fougère za majani ya manyoya, na hortensia mbili zilizotoa mafundo ya maua ya buluu. Mbegu yake yote ilitoka kwa sista mmoja mzee. Jumapili baada ya misa Ngalula alikuwa akipotelea nyuma ya nyumba ya masista, mimi namsubiri nje huku nikitazama saa, kisha anatokea na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti, udongo unadondoka. Ndani ya teksi alikiweka mapajani mwangu, juu ya suruali niliyopiga pasi mwenyewe.

"Pantalo batafula," aliniambia siku moja nilipolalamika mpaka dereva akacheka. "Shika muzuri, papa, usivunje."

Mwezi wa kumi, joto linapokuwa halivumiliki, alitoa viti viwili akaviweka pale. Tulikula karanga tukitupa maganda chini, jambo nisiloruhusu mahali pengine popote. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hafagii kona ile, naye alijibu tu, "Hapa hapana." Nilidhani ni uvivu. Ningekuwa na nafasi ya kukaa tena kwenye kile kiti, nisingeuliza kitu.

Alifariki miaka minne kabla ya ugonjwa wangu. Baada ya matanga nilishika ufagio mwenyewe, na kila asubuhi nilianza na kona yake. Sikutaka mtu aseme kwamba tangu Ngalula aondoke, bustani yake imekuwa jalala. Nilifagia mpaka chini ya kila jani, nikaingiza vidole katikati ya mashina kutoa majani makavu moja moja. Mimea ikaanza kunyauka. Clivia zikawa njano kwenye ncha, mizizi yake ikatokeza juu ya udongo, myeupe na mikavu. Fougère zikasinyaa. Hortensia zikabaki vijiti. Nikaongeza maji, nikaongeza kufagia. Mwishowe nikajiambia kwamba zinamlilia mwenyewe. Binti yangu Kapinga aliniomba shina moja la clivia akapande kwake, nikamkatalia kwa ukali, kana kwamba ameniomba tuligawane kaburi la mama yake.

Kapinga ndiye mtoto wangu wa pekee. Ameolewa, anakaa Naviundu, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka minane ya kungoja. Nakuomba ukumbuke hilo unaponisoma.

Kikohozi kilinianza kiangazi kilipoingia. Nilisema ni vumbi la ufagio, na nani angenibishia? Miezi ile mji mzima unakohoa. Baridi ya mwezi wa sita ilipokaza, nikaanza kuamka nimelowa jasho kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Mkanda nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili, kisha la tatu. Halafu ikaja damu. Kapinga alikuwa akija mara tatu kwa wiki kunipikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Tulikaa karibu na mbabula yenye makaa, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya baridi, tukala sahani moja. Mimi kimya. Niliona haya, niliamini kwamba ugonjwa wa kifua unawapata watu wasio na utaratibu. Tena niliogopa kwamba akijua hatakuja tena, na hizo siku tatu ndizo zilizokuwa zimenibakiza duniani. Usiniombee udhuru. Nilijua ninachoficha, na nilijua ana mimba.

Kitambaa alikikuta mwezi wa nane akikusanya nguo chafu. Alitoka nacho uani, nami nilikuwa nafagia.

"Papa, hii damu ni ya nini?"

"Ya pua."

"Papa. Tangu siku gani?"

Niliendelea kufagia. Aliweka mkono tumboni, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko. Nimewafukuza wanafunzi shule, nimezika mke, lakini sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama zile hatua.

"Tulikuwa tunakula mu sahani moya," alisema. "Na weye ulikuwa unajua."

Siku ile ile alinipeleka kituo cha afya, yeye amekaa mbele kwenye teksi, kioo kimeshushwa, mimi nyuma peke yangu. Ilikuwa kifua kikuu. Naye walimpima. Siku tano alizongoja majibu yake sikumeza chakula, na si kwa sababu ya ugonjwa. Akakutwa mzima. Akanipigia simu.

"Niko muzuri. Mutoto pia iko muzuri. Lakini sitakuya, papa. Na mutoto akizaliwa, hautamushika mpaka utapona kabisa. Unasikia?"

Nikasema nimesikia. Alikuwa na haki yote. Tangu saa ile sikutaka kitu kingine maishani ila kuruhusiwa kumshika yule mtoto.

Miezi ya mwanzo unakwenda kituoni kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya muuguzi, naye anakuambia ufunue mdomo na uinue ulimi, mzee mzima. Tulisubiri nje chini ya paa lisilo na kuta, ili upepo upite, kila mtu na benchi lake. Utajifunza mengi pale. Utajua nani kavaa suruali mbili ili aonekane na mwili. Utajua sauti ya mzani ukisogezwa, na jinsi kila mmoja anavyojifanya haangalii kilo za mwenzake. Mkojo wangu ulikuwa wa rangi ya chungwa siku ya kwanza, nikadhani nakufa, kumbe ni dawa tu, ila hakuna aliyekumbuka kunionya. Basi mimi nakuonya. Magoti yaliuma. Nyayo zilichoma kama nimekanyaga upupu. Kwenye kioo nilihesabu mbavu, nikamwona marehemu baba yangu ananitazama.

Ufagio sikuweza tena kuuinua. Na mwezi wa nane na wa tisa ndipo mparachichi unapomwaga majani yake. Yalianguka usiku na mchana, yakafunika kona ya Ngalula yote, nami nimekaa kwenye kiti nayatazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiibiwa. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniambia, "Préfet, lupango yako inakuwa pori!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Benchi lililofuata langu kituoni lilikuwa la mzee Kabange, mtu wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyelima bustani za chuo kikuu kule Kasapa mpaka akastaafu. Alikuwa mwembamba kuliko mimi na alicheka kuliko sisi wote. Nilimlalamikia kuhusu maua ya mke wangu, kwamba sasa yatakufa kabisa chini ya ule uchafu. Akauliza nani huyafagilia. Nikasema ni mimi, kila siku, miaka minne, mpaka wiki mbili zilizopita. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata na muuguzi akatugombeza wote wawili.

"Préfet," alisema alipopata pumzi, "weye njo ulikuwa unayaua."

"Miye?"

"Ile maua ya mu kivuli, mizizi yake iko juu-juu, haiendake mbali. Mayani yenye kuanguka njo chakula yake, njo koti yake ya baridi. Weye kila asubui unamuvula koti, unamunyanganya na bukari mu sahani. Miaka ine! Hata miye ningekufwa."

Sipendi kusahihishwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimtukana kimoyomoyo. Lakini nilipofika nilipiga magoti pale konani, nikafunua yale majani ya wiki mbili. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, katikati ya kiangazi, na mimi sikuwa nimemwagia tone. Nililia. Siku ya mazishi sikulia, nilikuwa napanga viti vya wageni. Nilimlilia Ngalula, aliyejua haya yote na akaona hakuna haja ya kumweleza mume asiyesikiliza. Na nilijililia mwenyewe, maana mimi ni mtu wa kuondoa kisionekane kile kinachoniaibisha, na nilivyofanya kwa majani ndivyo nilivyofanya kwa damu.

Kesho yake nilimwambia Kabange, "Nifundishe." Kuanzia hapo kila asubuhi nilimpa ripoti, naye akanipa alama juu ya kumi, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote. Alinikataza mbolea. Alisema nirundike majani kimo cha kiganja lakini nisifunike moyo wa shina, utaoza. Maji yawe mara mbili tu kwa wiki, taratibu, mpaka yashuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Vijiti vya hortensia nivikwaruze kwa ukucha kwanza. Chenye kijani ndani nikiache, kikavu nikikate. Tawi moja la chini la mparachichi likatwe, kwa sababu hata mimea ya kivuli inataka kuona mbingu kidogo. Clivia zilikuwa zimebanana na zilihitaji kugawanywa, ila si sasa. "Mugonjwa haumupasue mbele ya kumukulisha," alisema. "Ngojea mvula." Siku hiyo nilipata tatu juu ya kumi.

Mwezi wa kumi walinipima tena. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeongezeka kilo, jasho limekoma. Majibu yakasema ugonjwa bado umo, dozi ya kwanza iongezwe mwezi mzima. Wiki hiyo hiyo Kapinga alijifungua mtoto wa kike. Mkwe wangu aliniwekea simu karibu na mtoto, nikamsikia akilia, nikaambiwa jina lake ni Ngalula. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti mpaka jua likatua. Kesho yake sikwenda kituoni. Sikuona kwa nini niendelee kumeza vitu visivyofanya kazi.

Kabange alitokea getini kwangu kabla ya saa mbili, kwa magoti yanayouma kama yangu.

"Sikuya kukubembeleza," alisema. "Nakuya kuona fougère."

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akainama, akachokoachokoa majani kwa fimbo yake, akaguna. "Tano," akasema, akageuka akaondoka kuelekea kituoni. Tano! Wiki ile nilikuwa nimestahili saba kwa uchache. Nilivaa viatu nikamfuata njia nzima nikibishana naye, na nilipokumbuka hasira yangu nilikuwa tayari nimemeza vidonge.

Mvua ilianza. Harufu ile ya udongo mwekundu ukipata maji ya kwanza, kila mtu wa Lubumbashi anaijua na kila mtu aliyehama anaililia. Fougère zilitoa vichwa vilivyojikunja, vikafunguka polepole. Hortensia moja ilikuwa imekufa kweli. Ya pili ilichipua kutoka kijiti nilichokaribia kukitupa. Nilichimbua clivia kubwa, nikaigawanya kwa kisu cha jikoni, nikapata mashina matano. Mawili nilirudisha ardhini, juu-juu kama nilivyofundishwa. Moja nilimpa Kabange, moja muuguzi. La tano lilikuwa la Kapinga.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja majibu yakatoka safi. Niliyachukua siku ile ile pamoja na lile shina ndani ya ndoo, nikavaa barakoa, nikaenda Naviundu. Kapinga alinisikia nikibisha. Hakufungua mlango, alikuja dirishani. Nyuma yake nilisikia mtoto.

"Ile ni ya mama?" aliuliza akitazama ndoo.

"Ni ya mama."

"Ulinikatalaka."

"Nilikukatalia. Nilikosa."

"Weka pale pa mulango."

Nikaweka. Nikainua karatasi aione. "Sina tena ugonjwa wa kuambukiza. Wameandika hapa."

"Nasikia, papa. Lakini karatasi haikunidanganyaka. Ni weye ulinidanganya."

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Nakuambia haya kwa sababu hakuna atakayekuambia kituoni: kuna sehemu ya ugonjwa huu isiyotibiwa kwa kidonge. Ilikuwa imebaki miezi minne ya dawa, ya kumeza nyumbani peke yangu, na sikujua la kufanya kwa binti yangu. Mwishowe niliamua jambo moja tu. Kila jioni nitampigia simu nimweleze mwili wangu ulivyo, wote, hata penye aibu. Leo nimetapika. Leo nilisahau vidonge mpaka saa sita. Leo nimekohoa mara mbili, makohozi meupe, hakuna damu. Alikuwa akijibu, "Merci, papa," na kukata. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Noeli nilikula peke yangu. Mwezi wa kwanza, baada ya "Merci, papa," hakukata. Aliuliza hortensia iko namna gani. Nikamweleza kwa dakika kumi.

Mwezi wa pili ni yeye aliyepiga.

"Papa, clivia yangu inakuwa njano. Mayi namwagia, mbolea niliweka."

"Nani anafagia pale chini yake?"

Akacheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake kabisa, nikalazimika kuiweka simu mbali kidogo na sikio.

Dawa nilimaliza mwezi wa tatu. Kipimo cha mwisho kilikuwa safi, nikamsomea kwenye simu, akasema amesikia. Hakusema atakuja, nami sikumwomba. Nilipiga moyo konde, nikaendelea kumpigia kila jioni ingawa sikuwa tena na ugonjwa wa kueleza. Nilimweleza nimekula nini.

Jumamosi moja geti likafunguliwa bila hodi. Kapinga aliingia na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge, kichwa kimelala. Hakuniuliza karatasi. Alitazama uwanja mzima, akapita nyuma ya jiko, akasimama muda mrefu mbele ya mimea ya mama yake. Hapakuwa na ua hata moja. Clivia iliyogawanywa huchukua muda kukubali tena kuchanua. Yalikuwa majani tu, ya kijani, mengi.

"Iko kama zamani," alisema.

Nikamletea kiti. Alimfungua mtoto, akanitazama.

"Nawa mikono, papa."

Niliinawa mpaka viwikoni, kama daktari. Akaniwekea Ngalula mikononi. Alikuwa na miezi mitano, mzito kuliko nilivyodhani, na mwenye joto la usingizi. Alifungua macho, akanitazama meno kwa makini, akanishika kidevu. Nikacheka, na kwa kucheka mate yakapita njia mbaya. Kikohozi kikapanda. Nilibana mdomo. Nilibana mpaka machozi yakanitoka na kifua kikatetemeka, mtoto ananishangaa, na mimi nafikiri: si leo, Mungu wangu, si mbele yake.

"Papa," alisema Kapinga. "Kohoa. Usifiche."

Niligeuza uso begani nikakohoa. Mara moja, mara tatu, kwa sauti. Kisha nikanyoosha mikono nimrudishie mtoto wake, maana nilijua zile hatua za kurudi nyuma zinavyoanza.

Hakumpokea. Alinisubiri nipate pumzi, akaniuliza kama kuna majani ya chai ndani, akaingia jikoni, akatuacha wawili.